Mtafikia kwa nani?

Bendera ilikuwa ya njano. Nalikumbuka hilo kwa sababu nilimuuliza mume wangu maana yake, akanijibu kwamba kijani ni salama na nyekundu ni hatari, basi njano itakuwa katikati, na isitoshe sisi ni watoto wa pwani. Hazikupita dakika ishirini, binti yetu mkubwa akaanza kwenda mbali. Alikuwa amesimama kwenye maji ya kiunoni, uso ameuelekeza kwetu, anacheka, na kila nilipoinua macho kutoka kwa mdogo wake nilimkuta hatua mbili nyuma ya pale nilipomwacha. Hakuwa anaogelea. Mchanga ulikuwa unaondoka chini ya miguu yake na maji yanamchukua. Kisha kicheko kikakatika.

Alikuwa na miaka tisa. Ilikuwa Machi 2017, kwenye ufukwe wa kaskazini magharibi mwa Florida, siku ya pili ya likizo yetu ya kwanza ya machipuko tangu tuhamie Columbus, Ohio. Baba yake alijitupa majini akamfuata kwa nguvu zake zote, lakini kijana mmoja aliyekuwa na ubao wa kuchezea mawimbi ndiye aliyetangulia kumfikia. Kijana yule hakumleta moja kwa moja. Alimlaza kwenye ubao, akaenda naye pembeni, sambamba na ufukwe, hata nikadhani anampeleka kwingine, mpaka walipofika penye mawimbi yanayovunjika, na mawimbi yenyewe yakawasukuma hadi nchi kavu. Baba naye akatokea njia hiyohiyo, anatapika maji ya chumvi. Nilimshukuru yule kijana kwa kila neno nililokuwa nalo. Jina lake sikuuliza, na mpaka leo namwombea dua bila jina.

Baadaye ndipo nilipojifunza kilichotokea. Tanga tulikokulia, sehemu nyingi za pwani zina mwamba wa matumbawe mbele yake. Mawimbi makubwa ya bahari kuu huvunjikia huko, na maji yanayomfikia mtoto ufukweni yamekwisha kutulia. Ghuba ya Meksiko upande ule haina mwamba wa namna hiyo. Ina mafungu ya mchanga chini ya maji, na maji yaliyosukumwa na mawimbi yakishajaa nyuma ya fungu hutafuta mwanya wa kurudi baharini. Penye mwanya ndipo mkondo ulipo. Mahali penyewe mara nyingi huonekana pametulia kuliko pengine, hapana povu, kwa hiyo mzazi asiyejua huwapeleka watoto papo hapo. Mimi nilifanya hivyo. Niliwachagulia watoto wangu mahali palipotulia. Ukishikwa na mkondo ule usishindane nao; ogelea pembeni, sambamba na pwani, mpaka utoke, ndipo urudi. Na bendera nazo zina maana kamili: njano ni hatari ya wastani, nyekundu moja ni hatari kubwa, nyekundu mbili maji yamefungwa kwa watu wote, zambarau kuna viumbe wa baharini wanaodhuru. Siku mbili zilizofuata zilipepea nyekundu mbili, tukakaa ndani ya fleti tunaitazama kwa kioo bahari tuliyoilipia.

Safari yenyewe ilikuwa imeanza vibaya. Kutoka Columbus hadi pale ni kama maili 850, karibu kilomita 1,370, mbali kuliko Dar es Salaam hadi Mwanza, na tulitaka kuimaliza kwa siku moja ili tusilipe hoteli njiani. Mume wangu alikuwa ametoka shifti ya usiku ghalani, akaoga, akashika usukani. Tulipita Louisville, Nashville, Birmingham, Montgomery, na hatukusimama popote ila penye mafuta na vyoo. Kitinda mimba, miaka mitatu, alitapika mara mbili kabla hatujaingia Tennessee. Wa kati aliuliza zimebaki saa ngapi, akauliza tena, hadi baba yake akamfokea, na baba yake si mtu wa kufoka. Tulifika saa saba usiku. Ufunguo ulikuwa ndani ya kisanduku cha namba, namba ilikuwa kwenye simu, na simu ilikuwa imezima chaji. Nilisimama kwenye ngazi za jengo lile kubwa, mtoto amelala begani, sina hata mtu mmoja wa kumgongea mlango.

Kuhusu fedha niseme tu kwamba fleti ilitangazwa kwa bei moja tukalipa nyingine, maana ada ya usafi na ada nyinginezo zilijitokeza mwishoni, na deni la kadi tulilimaliza mwezi wa tisa. Kilichoniuma zaidi ni karatasi iliyobandikwa kwenye friji. Ilituagiza tuvue mashuka, tuoshe vyombo, na tutupe taka wenyewe kabla ya kuondoka. Juma zima nilikuwa nimepika wali mchana na jioni, nimefua, nimedeki mchanga usiokwisha. Nilikuwa nimehamisha jiko langu kwa maili 850.

Nilipokuwa mtoto, likizo ilikuwa na swali moja. Ukiwaambia majirani mnasafiri, waliuliza, "Mtafikia kwa nani?" Sikumbuki mtu aliyeuliza tutafikia wapi. Sisi tulifikia kwa bibi mzaa mama, ng'ambo ya mto Pangani. Basi lilitoka Tanga mjini kwa barabara ya vumbi, kama kilomita hamsini, kisha tukavuka kwa pantoni hadi Bweni. Mama alibeba sukari, mche wa sabuni, majani ya chai na doti ya kanga, maana mkono mtupu haulambwi. Na tulipoteremka kwenye pantoni tu, mama aligeuka mtu mwingine. Alikaa. Nyumbani sikupata kumwona mama amekaa mchana hivi hivi, mikono mitupu. Kwa bibi alilala baada ya adhuhuri, alisukwa nywele na dada zake barazani, alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Sisi watoto tulikuwa kumi na kitu, na mtu mzima yeyote aliyekuwa karibu ndiye mzazi. Bibi naye alichangamka. Wajomba walisema magoti hayamuumi wageni wakiwepo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni nikidhani ni maneno ya adabu, ya kumlainishia mgeni aibu ya kuingia nyumba ya watu. Kumbe nilikuwa naiona kwa macho yangu kila likizo ya mwezi wa sita.

Kule Florida hatukuwa na wa kumponya, wala wa kutuponya.

Mwaka uliofuata nikasema basi. Tulibaki Columbus, nikachukua shifti za ziada katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, watoto wakashinda ndani maana Ohio mwezi Machi theluji bado inaweza kurudi. Shule ilipofunguliwa, wa kati alileta karatasi nyumbani. Mwalimu alikuwa amewaambia wachore walikokwenda. Mwanangu alikuwa amechora mlango wetu kwa upande wa ndani, na mnyororo wake, na kitasa. Alikuwa ameupaka rangi vizuri sana.

Sasa nimtaje mama mmoja wa Kikongo, jirani yetu wa zamani, ambaye sisi tulimwita Mama Bukavu kwa sababu ya mji aliotoka. Tulikaa naye ghorofa moja miaka miwili, kisha akahamia Bowling Green, Kentucky, kwa wadogo zake waliokuwa wamepata kazi za kiwandani. Kentucky imepokea wakimbizi Wakongo wengi, na Kiswahili utakisikia madukani na kanisani huko, Kiswahili cha Kivu chenye mwendo wake. Kila alipopiga simu aliuliza, "Mutakuya siku gani? Batoto bananiuliza." Nami nilimjibu inshallah, ile inshallah ya kukwepa. Siku moja mwanzoni mwa 2019 nikaitazama ramani. Bowling Green iko palepale kwenye barabara kuu ya I-65, njia ileile tuliyoipita mwaka 2017. Tulikuwa tumempita mlangoni.

Mume wangu hakupenda. Alisema tutakuwa watu watano ndani ya nyumba ya mjane, tutamla. Nikamwambia tutabeba. Tukabeba mchele kilo kumi, mafuta, sukari, na maandazi niliyokaanga usiku kucha. Ni mwendo wa saa tano hivi kutoka Columbus, na katikati ya Kentucky kuna mstari wa saa: ukielekea kusini kwa I-65 unarudishiwa saa nzima. Tulikuwa tumemwambia tutafika saa tisa bila kufikiri ni saa tisa ya nani. Tulifika kwake saa nane, tukamkuta ameketi kwenye ngazi za nyuma, kinu katikati ya miguu, anatwanga sombe, yaani kisamvu.

Jambo la kwanza aliloniambia baada ya kunikumbatia lilihusu nyama. Yeye ni mtu wa kanisa, kila Jumapili na kila Jumatano. Lakini Bowling Green ina Wabosnia wengi, waliokuja wakimbizi miaka ya 1990, na Wabosnia wana msikiti wao na maduka yao. Mama Bukavu alikuwa amekwenda kwenye duka lao kununua mbuzi. "Niliuliza mara mbili," akasema. "Hii ni ya Waislamu." Nimekaa Marekani miaka mingi, nimekwenda kwenye karamu nyingi nikaambiwa kuna saladi. Mwanamke yule, ambaye hana gari, alipanda magari ya watu hadi kwa Wabosnia ili mimi nile pamoja naye.

Siku ya pili nikalala baada ya adhuhuri. Nilijinyoosha tu kwenye godoro la upepo ili nipumzishe mgongo, na nilipofumbua macho dirisha lilikuwa giza. Nilisikia wanangu wanacheka jikoni. Nilisikia mtu anamwambia kitinda mimba wangu anawe mikono, na mtoto anaitika. Hakuna aliyekuwa ameniamsha kuniuliza soksi ziko wapi. Nikabaki pale nimelala, nalia kimyakimya, kwa sababu nilimkumbuka mama amelala kule Bweni, kanga imemfunika uso, na sisi tumekatazwa kumkaribia.

Usiku huo mdogo wake Mama Bukavu aliniambia, tukiosha vyombo, kwamba tangu shemeji yake azikwe, mwaka mzima na miezi, dada yake hakuwa amepika sufuria kubwa. Sufuria yenyewe ilikuwa stoo, wameitoa juzi, wameisugua kwa mchanga.

Sitaki mtu adhani kufikia kwa watu ni raha tupu. Bafu lilikuwa moja kwa watu kumi na wawili. Binti yangu mkubwa alilia chooni kwa sababu rafiki zake wako hoteli zenye bwawa. Mume wangu alikosa raha ya mwanamume anayekula bila kulipa, mpaka alipopata bomba linalovuja chini ya sinki, akalitengeneza, akatengeneza na mlango, na baada ya hapo akaanza kuongea. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe letu lilikuwa bomba na vyombo, na tulipolishika mambo yakalainika. Kwa familia ya watoto watatu, nadhani siku tatu zinatosha kwa mtu yeyote umpendaye. Ya nne ni kumchosha.

Nusu saa kutoka kwake kuna pango la Mammoth, mfumo mrefu kuliko yote inayojulikana duniani, zaidi ya maili 420 zilizopimwa. Kuingia hifadhini hulipi. Unalipia ziara ya pangoni, na wiki za likizo tiketi huisha mapema, kwa hiyo kata wiki kadhaa kabla. Beba na koti, maana ndani ni kama nyuzi 13 mwaka mzima. Sisi tulifanya ziara ya kihistoria, maili mbili, ngazi zaidi ya 500. Kuna mahali unapita kwa ubavu, miamba imekubana kifuani na magotini. Mlinzi wa hifadhi alizima taa kwa muda, na giza lile sijapata kuliona kwingine. Niliweka mkono mbele ya jicho nisiuone. Kitinda mimba akapiga ukelele, kisha sauti ya kaka yake ikasema, "Niko hapa, shika," na nikajua kuna mikono imeshikana.

Humo ndimo nilipolisikia jina la Stephen Bishop. Alikuwa mtumwa, aliletwa pangoni mwaka 1838 akiwa kijana ili awaongoze wageni wa bwana wake, naye akavuka shimo lililosemekana halina mwisho, akagundua njia na mito upande wa pili, akachora ramani ya pango kwa kumbukumbu yake. Alikufa mwaka 1857, mwaka mmoja tu baada ya kuwa huru. Jina lake bado lipo ukutani, aliliandika kwa moshi wa mshumaa. Mwanangu wa kati alikaa kimya hadi tukatoka, tukakanyaga mikeka ya dawa wanayoweka ili tusiwasambazie popo ugonjwa wa ukungu, tukafika kwenye gari. Ndipo akauliza, "Mama, yeye alikuwa anajua njia ya kutoka. Kwa nini hakukimbia?" Nilimjibu nilivyoweza. Alikuwa na mke, alikuwa na mtoto. Pango lilikuwa na njia nyingi, nchi haikuwa nayo hata moja iliyo wazi.

Mwaka 2020 gavana wa Ohio alipofunga shule katikati ya Machi aliita mwanzoni likizo ndefu ya machipuko, wiki tatu. Mimi nilikuwa kazini kwenye nyumba ya wazee. Miezi ile siiwezi kuieleza hapa, na sitaieleza.

Kisha mama yangu akaja kutoka Tanga, mwanzoni mwa 2022. Alikuwa na miaka sabini na kitu, magoti yamechoka kama ya bibi yangu. Machi ilipofika nikasema sasa tunakwenda tena hadi baharini, lakini kwa vituo: usiku mbili kwa Mama Bukavu, usiku mmoja Montgomery, usiku mbili pwani, na kurudi vivyo hivyo. Mama akafungua sanduku lake akatoa doti ya kanga iliyokuwa bado na karatasi. Alikuwa ameinunua Tanga kwa ajili ya "huyo mwenyeji wenu", mtu ambaye hajapata kumwona. Wazee wale wawili walikaa hadi usiku wa manane wakiulizana majina ya samaki. Mmoja anatoka kwenye ziwa, mwingine baharini, na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba dagaa wa kweli ni wa kwao.

Pangoni tulimchukulia mama ziara fupi, robo maili, ngazi chache. Aligusa reli akatazama juu. Sisi watu wa Tanga tuna mapango ya Amboni, nayo ni ya mawe ya chokaa, na watu huenda huko kuomba na kuacha sadaka. Mama akamtuma mjukuu wake amuulize mlinzi: wenyeji wanaliombea nini pango hili? Mlinzi hakucheka. Alieleza kwamba watu wa asili waliingia humo maelfu ya miaka kabla ya wazungu, wakiwa na mienge ya matete, wakichimba jasi na madini mengine. Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi lina wenyewe," akasema.

Montgomery nilisita. Kuna kumbukumbu ya kitaifa ya watu weusi waliouawa na makundi bila kesi, iliyofunguliwa mwaka 2018. Ni vyuma zaidi ya 800, kila kimoja cha wilaya moja, kimechongwa majina na tarehe. Mwanzoni vyuma viko usawa wa macho yako. Kadiri unavyotembea sakafu inashuka, navyo vinabaki vikining'inia, hadi vinakuwa juu ya kichwa chako na unasoma majina kwa kuinua shingo. Niliogopa ni pazito mno kwa mtoto wa miaka minane na bibi wa sabini. Kitinda mimba alikaa nje kwenye nyasi na baba yake. Mwanangu wa kati, miaka kumi na miwili, yule ambaye kwa miaka mitatu alikuwa ananijibu Kiingereza kila nilipomsemesha Kiswahili, alimshika bibi yake mkono akamsomea. Alikuwa anatafuta maneno. Alisema, "Bibi, huyu walimuua kwa sababu alimwandikia mwanamke barua. Huyu hawasemi kwa nini. Huyu hana jina, wameandika hajulikani." Mama akasema innalillahi wainna ilayhi rajiun, kisha akamwambia, "Endelea, baba. Soma polepole." Walikaa humo saa nzima. Nilitembea nyuma yao bila kutia neno.

Na bahari. Mchanga wa upande ule ni mweupe kiasi kwamba mama aliuchota akauliza kama ni chumvi. Ni mawe ya kwatzi yaliyosagika, yaliyoletwa na mito kutoka milima ya Appalachia kwa maelfu ya miaka, na ukiukanyaga unalia chini ya unyayo. Mama alikaa kwenye kiti tangu asubuhi akisubiri maji yapwe ili atembee kwenye mwamba kuangalia kombe na pweza, kama mtu yeyote wa Tanga angefanya. Maji hayakupwa. Kwetu bahari ikipwa siku za bamvua boti hulala ubavu mchangani. Pale tofauti ya kujaa na kupwa haifiki hata goti. Alasiri akatoa hukumu: "Hii bahari haipumui sana." Kisha akainua kidole. "Pale palipotulia, msiende. Maji yale yanatoka." Sikuwa nimemweleza chochote kuhusu mikondo. Kuhusu mwaka 2017 sikuwa nimemwambia neno, kwa aibu.

Binti yangu mkubwa alikuwa na miaka kumi na minne, na tangu siku ile hakuwa ametia mguu baharini. Alimsikia bibi yake. Akaniangalia, akanitazama muda mrefu, kisha akamwambia bibi yake kila kitu, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: bendera, mchanga ulioondoka, yule kijana. Mama hakunigombeza, ingawa nilikuwa tayari kugombezwa. Aliinuka kwa taabu, akapandisha kanga, akamwambia mjukuu wake, "Twende tukaisalimie, ya magotini tu." Maji yalikuwa baridi ya kuuma mifupa. Waliingia pale mawimbi yanapovunjika, wameshikana viwiko, na kila wimbi lilipokuja mama alisema, "Mgeuzie ubavu, usimpe kifua," hadi binti akaanza kucheka. Nilikisikia kicheko kile kutoka mchangani, na safari hii hakikukatika.

Mama alirudi Tanga mwezi wa tano. Tangu hapo likizo zetu nyingi zimeangukia Ramadhani, hatujasafiri mbali. Mwaka 2024 jua lilipopatwa tarehe 8 Aprili, na shule nyingi za Ohio zimefungwa siku hiyo, tuliendesha kama saa moja na nusu tukiwa tumefunga, hadi lilipofunikwa lote. Mzee mmoja mwenye shamba alituruhusu kuegesha kwenye nyasi zake, akatuletea viti. Giza lilipoingia, baada ya saa tisa alasiri, tulikuwa tumekwisha kusimama kuswali. Alituomba radhi kwamba hakujua tumefunga, na tulipoondoka akatupa mayai ya kuku wake kwa ajili ya futari.

Binti mkubwa sasa yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Anataka kwenda Florida na wasichana wenzake watatu, wakiwa na gari la mmoja wao, na tumebishana naye juma zima: mimi nasema hapana, baba yake anasema tuone. Nilimweleza yote ninayoyaogopa kuhusu umati wa vijana kule, pombe, barabara za usiku. Alisikiliza. Kisha akanionyesha karatasi aliyoiandika. Siku ya kwanza saa tano za kuendesha, basi. Chini yake ameandika, Bowling Green, na namba ya simu ninayoijua kwa moyo.

Jana jioni Mama Bukavu alinipigia. Hakunisalimia hata. Alitaka kujua wasichana ni wangapi, na kama kuna asiyekula samaki.